Kuta Nene na Fedha za Watu: Mazungumzo Kuhusu Boma la Iringa

Leo nataka tuzungumze habari za majengo. Majengo ya zamani, na hasa yale ambayo fundi aliambiwa: jenga hivi, ili mtu akitazama ajue hapa pana fedha, au ajue hapa pana amri.

Nianze na swali, na kila mmoja ajijibu moyoni. Ukitaka kuweka fedha zako mahali, unaangalia nini kwanza? Wengine mtasema riba. Wengine makato. Lakini tuseme kweli: wengi wetu kwanza tunaangalia mahali penyewe. Jengo likoje? Mlango ukoje? Mlinzi yupo? Ofisi ikiwa ya mabanzi, na bango lake limeandikwa kwa mkono, utaingia na laki tano zako? Utasita. Hata ukiambiwa kwamba wenye ofisi ile ni waaminifu kuliko wote mjini, bado mguu utasita.

Huko kusita ndiko kulikojenga mabenki ya Uingereza katika karne ya 19. Tukumbushane kidogo. Malkia Victoria alitawala tangu 1837 hadi alipofariki Januari 1901. Katika miaka hiyo benki nyingi zilizaliwa, na nyingi zikafa. Zilipokufa ziliondoka na akiba za wajane, za wachungaji, za wenye maduka. Mei 1866 nyumba moja kubwa ya fedha mjini London, Overend, Gurney and Company, ilifunga milango na mji mzima ukataharuki. Oktoba 1878, kule Scotland, Benki ya Jiji la Glasgow nayo ikaanguka. Wakurugenzi wake wakapelekwa mahakamani, wakafungwa, na wenye hisa wakatakiwa kulipa madeni ya benki kwa mali zao wenyewe. Fikiria umenunua hisa kidogo za uzeeni, halafu unaambiwa uuze nyumba ulipe deni ambalo hukulikopa.

Sasa katika hali kama hiyo mwenye benki atamshawishije mtu amletee fedha? Hesabu zake hakuna anayeziona. Daftari limefungiwa ndani. Kinachoonekana mtaani ni ukuta.

Basi wakajenga kuta. Wakajenga kama mposaji anavyovaa koti siku ya kwenda ukweni: koti halionyeshi kama ana shamba, ila bila koti huenda asipewe hata kiti. Mfano upo London mpaka leo, katika mtaa wa Bishopsgate. Ni jengo la iliyokuwa benki ya National Provincial, lililochorwa na msanifu John Gibson katika miaka ya 1860. Mbele nguzo ndefu kwa mtindo wa Warumi wa kale. Ukutani michongo ya watu wakiwa kazini. Juu kabisa, ukingoni mwa paa, sanamu zimesimama zikitazama barabara. Na pamoja na makuu yote hayo, ndani ni ukumbi mmoja mkubwa wa kupokea wateja. Walikuwa na kiwanja katikati ya mji ambao kila futi ya ardhi ni ghali, wakaacha kupandisha ghorofa za kupangisha, ili mteja akiingia ainue shingo aone dari liko mbali. Mimi nasoma hivi: mwenye jengo anakwambia hana njaa, kwa hiyo fedha yako hataila.

Naomba tulishike hilo, maana tutalirudia. Ukuta unasema. Ukuta wa benki ya enzi za Victoria ulisema, niamini.

Sasa turudi nyumbani.

Nyanda za Juu Kusini hazina benki ya enzi za Victoria, msijisumbue kuitafuta. Benki zilitangulia pwani. Benki ya Taifa ya India ilifika Unguja 1892, ikafika Mombasa 1896, ikifuata biashara. Huku kwetu mwaka 1900 hapakuwa na kaunta wala karani wa kuhesabu noti. Lakini jengo la umri huo lipo. Lilijengwa na Wajerumani mwaka huo huo wa 1900, Malkia Victoria akiwa bado hai, nalo limesimama Iringa mjini hadi leo tunapozungumza. Ni Boma. Wengi wenu mmelipita mkiwa na haraka zenu.

Lakini, wasikilizaji, mtu hawezi kueleza Boma la Iringa akaanzia 1900. Lazima aanzie Kalenga, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka mjini. Kwa nini Kalenga? Kwa sababu huko kulikuwa na ukuta mwingine kabla ya huu.

Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijenga ngome yake Kalenga, ikaitwa Lipuli. Waliouona ukuta wake waliueleza kuwa wa mawe, kimo chake karibu mita 4, na mzunguko wake karibu kilomita 13. Kilomita 13! Ukiuzunguka kwa miguu, mwendo wa kawaida, asubuhi yako imekwisha. Na ndani ya ukuta ule kulikuwa na nini? Kulikuwa na watu, na ng'ombe, na pia kulikuwa na akiba ya utawala: pembe za ndovu na baruti. Kwa lugha ya leo tungesema hazina. Pembe ndiyo ilikuwa fedha ya nje ya wakati ule, na baruti ndiyo iliyoilinda. Kwa hiyo tukiulizana jengo la kwanza la kutunza mali ya umma katika nyanda hizi lilikuwa lipi, jibu langu si benki yoyote wala si ofisi ya Mjerumani. Ni Lipuli.

Mnajua yaliyofuata. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Wahehe liliuvamia msafara wa Mjerumani Emil von Zelewski na kuuangamiza, naye mwenyewe akauawa. Wajerumani wakajipanga upya, wakaja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana porini mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua Mlambalasi asiingie mikononi mwao. Fuvu lake likachukuliwa, na mwaka 1954 Gavana Edward Twining akalirudisha. Mliofika makumbusho ya Kalenga mmeliona.

Na ule ukuta wa kilomita 13 uko wapi? Yamebaki mabaki, ya kuonyeshwa na mwenyeji anayejua pa kukanyaga. Mimi hili huniuma kila nikipita njia ile. Ukuta wa aliyeshindwa umekuwa vifusi, wa aliyeshinda una paa na mlango, nasi tunapeleka wageni kuutazama. Silaumu wageni. Nasema tu kwamba anayekwenda kuangalia Boma bila kufika Kalenga amesoma ukurasa wa pili akaruka wa kwanza.

Haya. Kalenga imeanguka, Wajerumani wanataka makao yao wenyewe. Mwaka 1896 wakaanzisha mji mpya juu ya genge, Ruaha Mdogo ukipita chini. Chaguo la askari hilo: ukikaa juu unamwona anayekuja. Na mji ule ukabaki wa askari kwa muda mrefu. Hata ilipofika 1914, wakati wilaya nyingine nyingi zilikuwa na watawala wa kiraia, Iringa na Mahenge bado zilikuwa chini ya jeshi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Tukisikia neno boma tunafikiria ngome, mizinga, gereza. Jengo hili la 1900 halikujengwa kwa kazi hiyo. Lilijengwa kuwa hospitali ya jeshi. Ndiyo, hospitali. Kuta zile nene zililaza majeruhi na wagonjwa wa homa kabla hazijawahi kuhifadhi faili la serikali.

Mtauliza, hospitali inataka kuta nene za nini? Hapo ndipo ufundi unapoingia, na mafundi mnaonisikiliza mtanielewa haraka kuliko wengine.

Leo ukijenga nyumba ya vyumba vitatu Mbeya au Mafinga, unanunua saruji, unanunua nondo. Unapandisha tofali, ukifika juu ya mlango na madirisha unamwaga lenta ya zege na nondo, halafu unaendelea. Ukuta wako unaweza kuwa mwembamba kwa sababu saruji inashika na nondo inabeba. Sasa ondoa saruji. Ondoa nondo. Ubaki na mawe ya mlimani, udongo, tofali za kuchoma, chokaa ya kubana kwa mahesabu, na mbao. Utafanyaje ili paa lisikuangukie? Unapanua ukuta. Uzito wake wenyewe ndio unaoufanya usimame. Na juu ya mlango, badala ya lenta, unapanga tofali au mawe kwa mviringo, kila moja linalisukuma jirani yake, hakuna linaloweza kuanguka peke yake. Hilo ndilo tao. Watu huona matao katika majengo ya zamani wakasema, wazee walipenda mapambo. Kwanza kabisa tao lilikuwa jibu la swali la uzito, urembo ulikuja nyuma yake.

Unene ule ulikuwa na faida ya pili, na hii ninyi wa nyanda za juu mnaijua mwilini. Huku jua la mchana linachoma na usiku baridi inauma. Ukuta mnene unalinyonya jua taratibu mchana kutwa, na usiku unalirudisha ndani taratibu. Hakuna feni, hakuna hita. Ingia mchana wa Oktoba katika jengo la namna hii, utasikia ubaridi mabegani. Angalia dirisha lake: kina cha ukuta kinatosha mtoto kukaa kwenye kizingiti na miguu yake isichungulie nje.

Kule pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Bagamoyo, ambako Wajerumani walijenga Boma lao 1897, na Dar es Salaam, ambako Boma la Kale lilianza enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, wajenzi walikuwa na mawe ya matumbawe, na chokaa walichoma kutokana na matumbawe hayo hayo. Matumbawe ni mepesi, yanachongeka. Iringa hakuna bahari, hakuna matumbawe. Iringa kuna mwamba, kuna udongo mwekundu. Kwa hiyo amri ilikuwa ya Kijerumani, lakini jengo liliokotwa hapa hapa.

Na mikono? Naomba tutulie hapa kidogo. Tunasema kwa wepesi, Wajerumani walijenga. Maafisa wachache wa Kijerumani waliokuwapo Iringa hawakuvunja mawe. Mawe yalivunjwa na watu wa hapa, udongo ukakandwa na watu wa hapa, miaka miwili tu baada ya Mkwawa kufa, makovu ya vita hayajakauka. Na kumbukeni kwamba mwaka 1900 hapakuwa na reli ya kuja huku. Reli ya kati ilifika Morogoro 1907, na Iringa hadi leo haina reli. Maana yake kila bawaba, kila kitasa, kila kioo cha dirisha kilichotoka Ulaya kilipanda kutoka pwani juu ya kichwa cha mpagazi. Kioo, jamani! Mtu amebeba kioo kichwani wiki na wiki, amevuka mito, amepanda milima, akijikwaa kimekwisha. Jina lake hakuna aliyeliandika. Ukienda Boma, ukasimama mbele ya dirisha, mkumbuke huyo kabla hujamkumbuka msanifu.

Ufundi wenyewe ulikuwa ukienea kwa njia nyingine pia, njia ya misheni. Wamoravian walifika Rungwe 1891. Wabenediktini walianzisha Tosamaganga 1897, na baadaye Wakonsolata wakaichukua. Misheni zilihitaji makanisa na shule, na shule zikahitaji waashi na maseremala. Kijana aliyejifunza kupanga tanuru la tofali kwa ajili ya kanisa alikwenda kijijini kwao na ujuzi ule. Ndiyo maana mpaka leo ukisafiri kutoka Ilula hadi Tukuyu unaona tanuru za tofali pembeni mwa barabara, moshi unafuka, kuni zimepangwa.

Tuendelee. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyokuja kutoka kusini, yaliingia Iringa. Makaburi ya vita ya pale mjini, ya pande zote mbili, bado yanatunzwa. Utawala wa Waingereza ukashika, na ile hospitali ikageuka ofisi ya utawala. Hapo ndipo jina la boma lilipopata maana tunayoijua: mahali pa kesi, mahali pa vibali, mahali pa kodi.

Kodi! Wazee wangu, najua neno hili limewagusa. Tangu 1897 Wajerumani walikuwa wameamuru kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha kijijini. Mwingereza alipokuja aliikuta, akaipenda, akaiendeleza kwa jina lake. Fedha yenyewe ikabadilika chini ya miguu ya watu: rupia ikaondoka, ikaja florini mwaka 1920, haijazoeleka ikaondoka nayo, na kufikia 1922 tukawa na shilingi. Mzee mmoja angeweza kulipa rupia akiwa kijana na shilingi alipopata mtoto wa kwanza, katika wilaya ile ile.

Sasa linganisheni boma hilo na ile benki ya Bishopsgate. Zote ni kuta nene. Kote kuwili, fedha ya mtu wa kawaida iliingia mlangoni. Kule mteja aliingia kwa hiari, na akitaka fedha yake anarudi kuichukua. Huku aliingia kwa amri, na alichotoka nacho ni risiti, tena aitunze sana, maana akikutwa barabarani hana, ataonja. Nilisema ukuta wa benki ulisema niamini. Ukuta wa ofisi ya mkoloni ulisema nitii. Mawe yale yale, unene ule ule, maneno mawili tofauti. Na mimi naona sehemu ya ugumu wetu na majengo haya inatoka hapo. Tunaambiwa tuyapende kama urithi, na babu zetu waliyapita wakiwa wamevua kofia.

Benki za kweli zilikuja huku baadaye, zikavutwa na dhahabu. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iligunduliwa mapema miaka ya 1920. Mji wa Mbeya ukaanzishwa 1927. Bei ya dhahabu ilipopanda miaka ya 1930, watu wakamiminika Chunya, Wazungu, Wahindi, na Waafrika kutoka kila upande, na Mbeya ikawa mlango wao. Penye dhahabu patakuja mwenye kupima, mwenye kununua, na mwenye kuweka. Nchini kote wakati huo benki kubwa zilikuwa za Waingereza, Standard, iliyoingia Tanganyika 1917, na Barclays, pamoja na zile zilizotoka India.

Lakini msitegemee nguzo za Kirumi chini ya mlima Loleza. Majengo ya Mbeya ya miaka ile ni ya kiasi: ukuta wa tofali, bati, baraza ya kukinga mvua. Na mvua ya Mbeya mnaijua. Kipato cha mji mchanga ndicho kilichoamua. Waliojipamba zaidi ni wenye maduka wa Kihindi. Piteni Uhindini, muinue macho juu ya mabango ya simu na vipodozi, mtazame kile kikuta cha juu kinachoficha bati. Mara nyingi utakuta mwaka umechongwa kwenye lipu, na pengine jina la mwenye nyumba. Hao nao walikuwa wanasema, niamini. Mimi sihami kesho.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Serikali ikatangaza kutaifisha benki. Standard, Barclays na nyinginezo zikaunganishwa zikawa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Jengo halikubadilika, bango ndilo lililobadilika. Na kwa miaka mingi, kwa wengi wetu, benki ilikuwa neno moja na jengo moja mjini. Mnakumbuka mwisho wa mwezi? Walimu wametoka vijijini alfajiri, wengine wamelala kwa ndugu. Foleni imetoka mlangoni imeshika ukuta. Kitabu cha akiba kimefungwa ndani ya leso. Ndani watu wananong'ona kama wako kanisani, na kaunta imepanda juu kiasi kwamba mama mfupi anaonekana kilemba tu. Ile hali ya kunong'ona ilitoka wapi? Hakuna tangazo lililosema nyamaza. Jengo lilisema.

Baada ya sheria ya 1991 milango ikafunguliwa kwa benki binafsi, na 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, tukapata NMB. Sitaki kukaa sana hapo, hayo mnayajua. Nataka kuwakumbusha jambo moja la karibu zaidi. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa sababu mitaji yake haikutosha, na mojawapo ilikuwa ya huku huku kwetu, Benki ya Jamii ya Njombe. Wenye amana walielekezwa Bodi ya Bima ya Amana, na wakati ule kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi milioni moja na nusu. Je, kuna aliyeweza kutazama jengo akaona mtaji umepungua? Hakuna. Ni kama Glasgow 1878, ila safari hii kulikuwa na Benki Kuu ya kukagua na bima ya kufidia. Ulinzi wa fedha yako umehama ukutani, umeingia kwenye sheria na ukaguzi.

Na umehama zaidi. M-Pesa ilianza Tanzania 2008. Leo wakala yuko chini ya mwavuli pale Mwanjelwa, ana kiti cha plastiki na daftari, na mtu anampa laki tano bila kusita. Nilianza na swali kuhusu ofisi ya mabanzi. Wakala hata mabanzi hana. Kinachosema niamini ni ujumbe unaolia kwenye simu yako.

Kwa hiyo sasa tunaulizana: kuta nene za nini tena?

Iringa wamejibu kwa namna yao, na mimi nawapa hongera. Chuo Kikuu cha Iringa, kupitia mradi wa Fahari Yetu uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, walilikarabati Boma, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa. Ndani kuna habari za watu wa Nyanda za Juu Kusini, kuna kazi za mikono zinauzwa, kuna mahali pa kunywa chai. Dar es Salaam nao mwaka uliofuata waliligeuza Boma la Kale kuwa kituo cha urithi wa usanifu. Hata lile jengo la Gibson kule Bishopsgate siku hizi si benki. Ni ukumbi wa kukodi. Watu wanafanyia karamu na harusi mle mlimokuwa mnahesabiwa sarafu.

Nalipenda jibu hilo kwa sababu moja kubwa: jengo lenye watu ndani haliozi haraka. Bati likivuja mtu wa chai atapiga kelele. Mchwa akipanda mlangoni mlinzi atamwona. Jengo lililofungwa kwa kufuli na kuandikwa urithi wa taifa linasubiri tu mvua tatu nzito.

Lakini kuna tatizo ambalo lazima niliseme. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Rudieni hiyo tarehe: 1863. Boma la Iringa ni la 1900. Misheni ya Rungwe ni ya 1891. Mbeya nzima, kuanzia jiwe la kwanza, ni ya 1927 na kuendelea. Kwa hiyo karibu kila jengo nililolitaja huku leo liko nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja, mpaka Waziri alitangaze kwa jina. Mwaka 1964 kusema kabla ya 1863 kulikuwa na maana, ni miaka mia na moja nyuma. Sheria imesimama pale pale, miaka imekwenda. Leo jengo la 1900 lina umri mkubwa kuliko lile la 1863 lilivyokuwa siku sheria inapitishwa. Wabunge wa Nyanda za Juu mnaonisikiliza, hili ni la kwenu.

Nani atakayeumia? Si makumbusho, yale yamepata wa kuyasemea. Wanaoumia ni wadogo: duka la Uhindini lenye mwaka wake juu ya ukuta, tawi la zamani lenye kaunta ya mbao, nyumba ya karani. Mwenye kiwanja akitaka ghorofa la vioo, nyundo inaingia Jumamosi asubuhi na Jumatatu pameshasawazishwa. Simlaumu mwenye kiwanja, ana haki ya kujitafutia riziki. Ila kabla ya nyundo, piga picha. Pima unene wa ukuta kwa utepe wa fundi. Muulize mzee wa mtaa nani alikuwa akikaa pale, ukaandika. Vipeleke Boma la Iringa, au maktaba, au hata shule ya jirani. Hilo halihitaji Waziri.

Na wa Tukuyu msije mkadhani nimewasahau. Wajerumani walijenga boma lao kwenu pia, mji ukiitwa Neu Langenburg, na mabaki ya kuta zake yameunganishwa na ofisi za halmashauri mnazokwenda kila siku kufuata mihuri. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za mji huo, na za matetemeko yaliyowahi kuutikisa. Mwenye picha ya zamani ya Tukuyu, au aliyehadithiwa na bibi yake jinsi kuta zilivyopasuka, tuletee ujumbe mapema ili tukuweke hewani.